Maswali ya Wasomaji: Kula halali katikati ya Guangzhou

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wafanyabiashara wanaojiandaa na maonyesho ya Canton, yale yanayofanyika Guangzhou kila Aprili na kila Oktoba. Mzigo, bei na kontena wengi wanavijua. Kinachowasumbua ni sahani. Tumejibu nne.

SWALI: Assalaam aleikum. Nakwenda Guangzhou mara ya kwanza kufuata viatu na saa, siku kumi. Nimewekewa hoteli karibu na stesheni kuu ya treni. Wenzangu hapa Kariakoo wananiambia nibebe unga na dagaa, eti huko kila kitu nguruwe. Ni kweli?
– Mfanyabiashara, Dar es Salaam

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yetu. Unga uache nyumbani, uzito wa begi utauhitaji kwa sampuli. Ukitoka stesheni, panda metro laini namba 5 kuelekea mashariki na ushuke kituo kinachofuata, Xiaobei. Nauli ni yuan 2. Nyuma ya barabara kubwa ya Huanshi Dong kuna mtaa mwembamba uitwao Baohan Zhijie. Hapo utakuta mabucha ya Wahui (Waislamu wanaozungumza Kichina), mikate inayotoka tanuri, mishkaki ya Wauighuri (Waislamu wa Xinjiang, magharibi ya China), na kandokando wapishi wa Kiarabu, Kituruki na Kiafrika. Eneo zima la Xiaobei limezoea wateja kutoka kwetu, kwa hiyo hata lugha haitakusumbua sana.

Kwa chakula cha kila siku, shika zaidi migahawa ya tambi za Lanzhou, mji wa kaskazini-magharibi ya China. Ni migahawa midogo, imetapakaa mji mzima, na mingi inaendeshwa na Waislamu kutoka Hualong, mkoa wa Qinghai. Mpishi hushika donge la unga, hulivuta, hulikunja, hulivuta tena. Kila mkunjo nyuzi huwa maradufu, hivyo mikunjo saba hutoa nyuzi 128, na kazi yote haizidi dakika moja au mbili. Bakuli la asili huja na supu safi ya ng'ombe, vipande vyeupe vya figili, mafuta mekundu ya pilipili na kotmiri juu. Bei huwa kama yuan 15 hadi 25. Unachagua unene mwenyewe: maoxi ni nyembamba kama unywele, xi ni ya kawaida, jiuye ni bapa, kuan ni pana. Nyama ya ndani ni kidogo, vipande vya kuhesabu. Ukitaka kushiba sema "jia rou", uongezewe nyama kwa malipo. Kama tumbo haliwezi pilipili, sema "bu yao la" kabla hajamimina, maana akishamimina haitoki.

Jioni nendeni kwa Wauighuri, hasa mkiwa wengi. Zhuafan ni pilau ya karoti na kondoo ambayo mtu wa pwani ataielewa tangu tonge la kwanza. Dapanji ni sinia la kuku, viazi na pilipili, na tambi pana huongezwa mwishoni zinywe mchuzi. Usiliagize peke yako, ni la watu watatu au wanne.

Ijumaa panga mapema. Kutoka stesheni hiyo hiyo, laini namba 2 kuelekea kusini, kituo kimoja tu, ni Yuexiu Gongyuan. Karibu na hapo ni Msikiti wa Xianxian, wenye kaburi ambalo Waislamu wa Guangzhou hulinasibisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Baada ya sala, wauzaji hujipanga nje na nyama ya kondoo, mikate na mishkaki. Wakati wa sala yenyewe migahawa kadhaa ya Waislamu hufunga kwa muda, basi usiifuate saa saba mchana ukiwa na njaa.

Malipo yaandae kabla hujapanda ndege. Pakua Alipay au WeChat, uunganishe kadi yako ya Visa au Mastercard na uthibitishe pasipoti ukiwa nyumbani. Malipo yasiyozidi yuan 200 kwa mara moja hayakatwi ada ya kadi ya kigeni, juu ya hapo ni asilimia 3. Noti zinapokelewa pia, ila duka dogo linaweza kukosa chenji ya yuan 100.

SWALI: Kaka yangu aliyeko Guangzhou anasema siku hizi mabango mengi hayana tena neno "halali" kwa Kiarabu. Mimi sijui hata herufi moja ya Kichina. Nitajuaje, na nitaaminije?
– Mama wa vitambaa, Mombasa

JIBU: Kaka yako yuko sahihi, mama yetu. Katika miaka ya karibuni miji mingi ya China imeviondoa mabangoni maandishi ya Kiarabu. Mgahawa unaweza kuwa halali kabisa na usioneshe herufi hata moja unayoijua. Kwa hiyo jifunze herufi mbili tu za Kichina: 清真, zinazosomwa qingzhen. Ndizo zinazotumika China nzima kwa chakula cha Waislamu.

Zitazame taratibu. Ya kwanza, 清, upande wa kushoto ina alama tatu ndogo zilizopangana wima, ndiyo matone ya maji. Tatizo ni kwamba matone hayo hayo yamo kwenye 酒, yaani pombe, na kwenye 油, mafuta, na 汤, supu. Anayekariri matone peke yake anaweza kuingia baa akidhani ameingia kwa Wahui. Herufi ya kukushika mkono ni ya pili, 真: juu ina msalaba mdogo, katikati sanduku lenye mistari ya kulala, chini miguu miwili. Ukiziona mbili pamoja, matone kisha sanduku lenye miguu, umefika.

Kwa kusema, jihadhari zaidi, na kosa hili ni la wengi. Kuna neno qingzheng, 清蒸, maana yake "iliyopikwa kwa mvuke". Linatofautiana na qingzhen kwa sauti ya mwisho tu. Ukimuuliza mhudumu wa mgahawa wa Kikantoni, yaani wa upishi wa Guangzhou, "mna qingzhen?" ataitikia kwa furaha kwamba ipo, na atakuletea samaki wa mvuke, pengine aliyenyunyiziwa mvinyo wa mchele. Hakudanganyi, amesikia hivyo. Usiulize kwa mdomo peke yake: hifadhi picha ya herufi 清真 kwenye simu, umwoneshe.

Sasa kuamini. China haina sheria moja ya taifa ya chakula halali. Kanuni huwekwa na mikoa na miji. Kwa hiyo bango ni mwanzo wa uchunguzi. Ukiingia, kabla hujaketi, tazama friji ya vinywaji. Wahui wa Qinghai kwa kawaida hawauzi pombe, wakati baadhi ya migahawa ya Xinjiang huuza bia huku nyama ikiwa ya Waislamu. Hapo uamuzi ni wako, ila ujue unachoamua. Kisha tazama ukutani karibu na kaunta: mara nyingi kuna kibao cha qingzhen au cheti kwenye fremu. Jina la biashara kwenye kibao lifanane na la kwenye leseni iliyo jirani nacho. Dalili nzuri kuliko zote, kwa maoni yetu, ni tangazo la kukataza wateja kuingia na chakula cha nje. Mwenye nyumba anayeogopa vyombo vyake visichafuliwe na maandazi ya nyama yaliyoletwa na mtu mwingine ni mtu anayelijua jambo hili.

Jina la "Lanzhou" peke yake halitoshi. Wapo wasio Waislamu wanaolitumia kwa sababu linauza. Soma menyu ukitafuta 猪, nguruwe. Na ujue kwamba Mchina akiandika 肉, "nyama", bila kutaja mnyama, mara nyingi anakusudia nguruwe. Ng'ombe ni 牛, kondoo au mbuzi 羊, kuku 鸡.

Mishkaki ya kando ya barabara isiyo na mwenyewe anayejulikana iacheni. Mwaka 2013 Wizara ya Usalama wa Umma ya China ilitangaza kukamatwa kwa watu waliokuwa wakiuza nyama ya mbweha na panya kama kondoo. Bizari nyembamba na pilipili vikikolea, ulimi hauwezi kutofautisha.

SWALI: Mwenye kiwanda tunayenunua kwake anatualika chakula cha jioni kila tukifika. Kukataa ni kumvunjia heshima, kukubali ni kukaa mbele ya nguruwe na pombe kali. Tufanyeje?
– Wabia wawili, Zanzibar

JIBU: Msisubiri kufika mezani. Siku mbili kabla, mpelekeeni ujumbe wa WeChat wenye maneno haya: 我们是穆斯林,不吃猪肉,不喝酒. Maana yake: sisi ni Waislamu, hatuli nguruwe, hatunywi pombe. Hapo hapo pendekezeni mahali. Hili la pili ndilo linalosahaulika. Mwenyeji akiachiwa achague, kwa nia njema kabisa atawapeleka mgahawa wa vyakula vya baharini na kuagiza "bila nguruwe". Mkitaja ninyi mgahawa mkubwa wa Xinjiang wenye vyumba vya faragha, anapata meza ya mviringo, sinia nzito na heshima yake yote kama mwenyeji.

"Bila nguruwe" haitoshi kwa sababu upishi wa Kikantoni unaficha nguruwe pasipotarajiwa. Supu za msingi huchemshwa kwa mifupa yake. Mboga za majani hukaangwa kwa mafuta yake. Keki ya figili hutiwa soseji iliyokaushwa, na ganda la vitobosha vingi hukandwa kwa shahamu. Samaki huondolewa shombo kwa liaojiu, mvinyo wa kupikia. Halafu karai ni lile lile. Kwa wengi wetu wa pwani tunaofuata Imam Shafi, nguruwe ni najisi nzito na chombo chake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hakuna jikoni litakalofanya hivyo katikati ya oda.

Wakati wa kugonganisha glasi, simameni na chai. Shikeni kikombe kwa mikono miwili, ukingo wake uwe chini kidogo ya ukingo wa kikombe cha mwenyeji. Ishara hiyo ya unyenyekevu inasomwa na kila aliye mezani, na hakuna atakayehesabu kilichomo ndani. Na mkitaka kumpa heshima zaidi, safari inayofuata mwalikeni ninyi, Xiaobei.

SWALI: Kazi yangu iko soko la vitambaa la Zhongda na viwanda vya Foshan, mbali na mitaa mnayoitaja kila mara. Nashinda njaa mpaka usiku. Kifungua kinywa cha hoteli nacho sikielewi.
– Msomaji, Kampala

JIBU: Hotelini chukua mayai ya kuchemsha yenye maganda, matunda, na chai. Uji mweupe wa mchele uulizie kwanza, kwani mara nyingi umo na nguruwe aliyekatwa vipande vidogo. Maandazi ya mvuke yenye kitu ndani, baozi, usiyaguse.

Ukiwa njiani usitegemee ramani za Google, hazifanyi kazi vizuri China. Weka programu ya ramani ya Gaode, bandika 清真 kwenye sehemu ya kutafutia, na itakupa migahawa iliyo jirani na ulipo, uwe Zhongda au Foshan. Kabla ya kutembea, fungua picha za wateja na utafute zilizopigwa karibuni. Migahawa hii midogo huhama au kubadili mwenyewe haraka, na ramani huchelewa kujua. Picha ya mwaka juzi isikutoe jasho.

Siku za viwandani ambako hakuna kitu, nunua jioni ya kuamkia mikate miwili ya nan kwa Wauighuri. Ni mikavu, haina mchuzi wa kuchacha, na huvumilia begini siku mbili bila friji. Ifunge kwa karatasi, si mfuko wa plastiki, la sivyo hufanya unyevu na kulainika. Ongeza mishkaki iliyofungwa kando ya kula siku hiyo hiyo: sema "dabao" na watakufungia. Njia nyingine ni migahawa ya mboga ya Kibudha, 素食, ambako nyama haingii jikoni kabisa. Bado uliza pombe ya kupikia kwa kuonesha neno 料酒 na kutikisa kichwa.

Kwa tambi za pakiti dukani, geuza nyuma na utafute 猪 kwenye orodha ya viungo, hata kama mbele pamechorwa ng'ombe. Mafuta na unga wa supu ndimo inamojificha. Pakiti yenye 清真 mbele nunua tano, utoe kipakiti cha mafuta ya pilipili kama hukipendi, na maji ya moto utayapata bure hotelini na katika stesheni za treni, kwenye mabomba yaliyoandikwa 开水.