Achana na Wale Ndege, Shughulikia Vitenzi

Wiki jana kijana mmoja wa kidato cha tatu, huko upande wa Kakamega, aliniandikia hivi: “Habari dada. Kiswahili sina shida nacho, lakini Kiingereza kinaniangusha. Kwenye insha sijawahi kupita 8 kwa 20. Mwalimu anasema sina msamiati. Nikariri kitabu gani?”

Ujumbe kama huo huniijia mara kwa mara, na kwa kawaida hujibu kwa mistari miwili nikaendelea na kazi zangu. Huu ulinikaa rohoni. Najua wewe unayesoma hapa unataka B ya juu au A, unataka chuo kikuu, na umeshachoka kuambiwa “soma kwa bidii”. Kwa hivyo nitajibu kwa urefu, nikianza na yaliyonipata mimi.

Nimekulia Kaptembwa, Nakuru. Mama alikuwa akiuza omena, wale dagaa wadogo wa kukaushwa, kwenye kibanda kando ya barabara, anazipima kwa gorogoro na kuzifungia kwenye magazeti ya zamani anayonunua kwa kilo. Tulipokuwa darasa la saba tulipewa insha kuhusu siku ambayo hatutaisahau. Wenzangu waliandika ile siku moja ambayo sote tunaijua. Jua linawaka, ndege wanaimba “melodiously” kutoka mti hadi mti, mwandishi anaamka akiwa “as fit as a fiddle”, na likitokea lolote anakimbia “as fast as my legs could carry me”. Aliyesoma Kenya hahitaji kuelezwa. Sentensi hizo tulizikariri kutoka kwenye vijitabu, tukazinakili nyuma ya daftari, na zilifaa kwa kila hali: harusi, ajali, wizi wa ng'ombe. Nimewahi kusoma insha ya mazishi ambayo ndege waliimba kwa furaha mpaka jeneza likashushwa.

Mimi niliandika kuhusu mvua. Siku hiyo omena zilikuwa zimeanikwa kwenye magunia, mvua ya Nakuru ikaja bila hodi kama kawaida yake, nasi tukatoka mbio na masufuria na mabeseni. Mama alifungua leso kiunoni akazifunika zilizobaki, akasimama hapo amelowa chapachapa, akihesabu hasara kwa midomo bila kutoa sauti. Hayo ndiyo niliyoyaandika, kwa maneno niliyokuwa nayo.

Mwalimu aliisoma mbele ya darasa huku ameziba pua kwa vidole viwili. Darasa zima likaangua kicheko. Chini ya ukurasa, kwa kalamu nyekundu, palikuwa na 11 kwa 40 na maneno mawili: “No vocabulary.” Vitenzi vyangu vilikuwa vimepinda huku na huku, lakini hakuna hata kimoja alichokizungushia duara. Tatizo lilikuwa omena. Kuanzia hapo nikaitwa Omena mpaka tukamaliza la nane. Simtaji mwalimu huyo kwa sababu jamaa zake ninakutana nao mjini, ila msinitarajie niseme nimesahau.

Kilichonisaidia ni yale magazeti ya kufungia. Kazi yangu jioni ilikuwa kuyachana vipande na kuyapanga, na nilikuwa nikiyasoma kabla hayajanuka. Kipande cha gazeti kina kisa kilichokatika katikati. Mwanamume amekamatwa na gunia la mahindi, anafikishwa kortini, hakimu anamwuliza… na hapo karatasi imekwisha. Kipande cha pili kimeshaondoka na mteja. Ilinibidi nimalizie mwenyewe. Nikawa ninaandika mwisho wa kisa kwenye daftari la hesabu lililojaa, kwenye nafasi za pembeni, nikijaribu kufanya sentensi zangu zitembee kama zile za mwandishi wa gazeti. Ndipo nikagundua kwamba katika habari yote ile ya mahindi hakuna ndege hata mmoja. Kulikuwa na vitenzi tu: “stole”, “ran”, “denied”, “told”. Na nilikuwa nikikiona kila kitu kana kwamba niko kortini.

Sekondari nitairuka, haina la kusimulia zaidi ya prepu na maharagwe. Kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, nilipata A ya Kiingereza. Siku hizi niko Kisumu, ninaandika ripoti za shirika moja, na kuna watu waliozaliwa na Kiingereza mdomoni wanaonitumia kazi zao nizipitie kabla hazijaenda kwa wafadhili. Najivuna kidogo, na nina haki.

Sasa turudi kwako, mdogo wangu. Angalia jinsi alama za Kiingereza zilivyogawanywa kwenye KCSE. Karatasi ya kwanza ina 60, ya pili 80, ya tatu 60, jumla 200. Sarufi kama sarufi, yaani lile swali la mwisho la karatasi ya pili, imepewa 15 peke yake. Wanafunzi wengi wakiona hivyo huipuuza. Lakini kitenzi kibovu kinakufuata kwenye barua ya karatasi ya kwanza, kinakufuata kwenye muhtasari, kinakufuata kwenye insha zote tatu za karatasi ya tatu. Mtahini akishakutana na vitatu katika aya ya kwanza, ameshajua atakuweka kundi gani, hata uwe na methali kumi mfukoni.

Na sisi tunaofikiria kwa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe, ambao sikuambiwa na mwalimu yeyote. Ni ile -ka-. Ukisema “nilienda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi”, wakati uliopita umetajwa mara moja tu mwanzoni, kisha -ka- inabeba mengine yote. Kiingereza hakina kitu kama hicho. Kila kitenzi lazima kivae wakati wake chenyewe: “I went to the market, bought fish and came back.” Mwanafunzi anayetafsiri kichwani anaandika “I went”, vizuri kabisa, halafu “I buy”, halafu “I come back”, kwa sababu kichwani mwake kazi ya wakati imeshafanywa. Nimesahihisha daftari nyingi za watoto wa majirani hapa Manyatta, na kosa hilo ndilo linalonirudia kuliko jingine lolote. Kitenzi cha kwanza sawa, kuanzia cha tatu au cha nne mambo yanaharibika.

Mengine ni madogo ila yanaudhi. Kiswahili hakibagui mke na mume katika “alisema”, kwa hivyo shangazi huanza aya akiwa “she” na kuimaliza akiwa “he”. Halafu kuna ile ya “the woman whom I met her”. Hiyo “her” ni ya kwetu, imetoka kwenye “niliyekutana naye”, na Kiingereza hakiitaki. Ifute.

Dawa yake ni ipi? Ni ileile ya magazeti. Chukua habari fupi ya gazeti la Kiingereza, la juzi au la mwaka juzi, haidhuru. Isome, ifunike, iandike upya kutoka kichwani. Kisha ifunue ulinganishe vitenzi peke yake. Usihangaike na maneno magumu, angalia vitenzi. Kesho chukua nyingine. Ukikosa gazeti, andika yaliyotokea nyumbani kwenu leo, sentensi fupifupi, kisha pitia vitenzi. Nikisema pitia vitenzi namaanisha uweke kidole juu ya kila kimoja na ukiulize: wewe ni wa lini? Naona ninajirudia. Ni kwa sababu hakuna kingine cha kukwambia.

Wazazi nao wanisikie. Unapoingia duka la vitabu na kumnunulia mtoto kijitabu cha tamathali za semi za Kiingereza, unamnunulia maneno ya watu wengine. Mtoto wa Nyalenda hajawahi kuona “fiddle” na hana haja nayo. Ameona boda boda ikizama kwenye matope mvua ya masika ikinyesha, ameona mama yake akibishana na wakala wa M-Pesa kuhusu pesa iliyotumwa kwa namba isiyo yake. Mwacheni ayaandike hayo. Mpeni daftari na mumwulize jioni kumetokea nini, aandike kwa wakati uliopita, na msicheke. Nasema tena, msicheke. Mtoto akichekwa kwa kitu alichokiona kwa macho yake, atakimbilia kwenye sentensi za kuazima, na huko atakaa miaka yote minne ya sekondari akipata hiyo 8 kwa 20 na kuambiwa hana msamiati. Na walimu mnaosahihisha kwa kuhesabu methali, mnajua mnachofanya.

Jambo la mwisho, kwa sababu darasa lenu ndilo la mwisho la 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa elimu, mnakalia KCSE mwaka 2027, na hakutakuwa na darasa jingine la mfumo huo baada yenu. Haya yote ya wakati uliopita ni ya insha ya kubuni, ile ya alama 20. Alama 40 zilizobaki katika karatasi ya tatu ni za vitabu teule, yaani vitabu vya fasihi mnavyosoma kwa ajili ya mtihani, na huko sheria inageuka: matendo ya wahusika yanaelezwa kwa wakati uliopo. Andika mhusika “betrays”, si “betrayed”, hata kama alikufa sura ya pili. Kwa hivyo ukimaliza swali la kwanza, kabla hujaanza la pili, weka kalamu chini kidogo. Ubadilishe wakati kichwani kwanza, ndipo uandike.