Usikariri "left" peke yake, mimi nilitelekeza wageni uwanja wa ndege wa KIA

Dogo unayejiandaa na interview ya udereva wa utalii hapa Arusha, umeuliza hayo maneno 1000 ya Kiingereza utayamaliza kwa wiki ngapi, app gani nzuri, na "left" uandike kushoto au kuondoka. Acha kukariri leo hii. Nimeona picha ya daftari lako, huku neno huku maana, roho imeniuma kwa sababu daftari kama hilo ninalo mpaka leo.

Mwaka 2018 walishuka wageni sita usiku pale KIA. Mabegi ya wawili yakachelewa, mwenzangu akawachukua wanne akawapeleka hotelini Moshi, mimi nikaachiwa wale wawili. Nikasogea Boma Ng'ombe mara moja kuweka mafuta na kula chipsi, nikiwa pale ikaingia meseji ya kiongozi wao: "4 at hotel. 2 left at airport." Nikaisoma mara mbili. Kwenye daftari langu "left" ilikuwa kushoto na kuondoka, kushoto haikuingia hapo, basi wameondoka, nikajua watakuwa wamepata teksi, nikawasha gari nikaenda zangu Majengo kulala.

Saa nane usiku bosi anapiga simu anafoka. Kurudi nawakuta nje kwenye benchi, mama wa miaka sabini na kitu na binti yake, mama anatetemeka, askari wa getini kamwazima shuka lake la Kimasai. Nikashuka naomba samahani, mama akaniangalia akasema taratibu, "You left us." Hiyo niliielewa palepale, bila daftari.

Nilikatwa hela ya safari tatu na high season nzima sikuitwa tena. Na mpaka leo simsamehi yule mwalimu wa ile kozi ya miezi mitatu, alichukua ada zetu akatugawia makaratasi ya kutoa kopi, neno moja maana moja, ukimuomba sentensi anakwambia misamiati kwanza. Misamiati ipi aisee? Kamusi kubwa ya Oxford toleo la 1989, neno "set" peke yake lina maana zaidi ya 400, hizo unazipanga kwenye daftari gani?

Sasa sikiliza. "Left" inatoka kwenye "leave", na zamani hiyo ilikuwa ni kukiacha kitu kibaki. Fikiria kuacha na kuachwa: anayeondoka ndiye aliyeacha, anayebaki ndiye aliyeachwa, na Mwingereza wote wawili anawaita "left". Ndiyo maana neno moja limebeba kuondoka na kubaki. Ile ya kushoto ni neno lingine kabisa, la zamani lenye maana ya dhaifu, zimekutana kwenye herufi tu.

Kwa hiyo angalia majirani zake. "They left the airport", mahali pamefuata moja kwa moja, wameondoka. "They left at 5", ni saa, wameondoka. "Two are left", wamebaki. "Two left at airport", hakuna "are" lakini kuna mahali, hapo simama, usiguse ufunguo, uliza "Are they still there?", yaani bado wapo hapo? Neno "still" lingeniokoa usiku ule.

Wewe mwenyewe unasema kupanda mlima, kupanda mahindi, kupanda Hiace, bei imepanda, na hujawahi kupotea hata siku moja. Kuna mtu alikukaririsha "panda"? Ulizisikia zikiwa ndani ya sentensi, basi na Kiingereza kisome hivyohivyo, sentensi nzima, na ukipokea meseji ya mgeni irudie kwa maneno mengine akubali kabla hujaondoa gari.

Andika sentensi kumi za "left" za kazini, za mabegi, wageni, maji ya kunywa, muda, uziweke hapahapa chini leo. Nitapita jioni nikitoka kupeleka gari gereji, nizisahihishe moja moja.