Maji ya ziwa kwa mshono wa msalaba: rangi zikitawanyika, uzi upite wapi?

SWALI: Shikamoo mama fundi. Ninakusoma nikiwa Ujiji. Nadarizi picha ya meli ya Liemba ikiwa gatini Kigoma. Chati yangu ina vyumba (miraba, kila mmoja ni mshono mmoja) 210 kwa 140, kitambaa ni Aida ya tundu 14 kwa inchi, na natumia nyuzi mbili. Meli yenyewe imeenda vizuri, tatizo limeanza kwenye maji. Kuna bluu saba na kijani mbili, zimetawanyika chumba kimoja hapa, kingine kule. Nakata uzi kila baada ya mishono miwili mitatu. Nyuma pamejaa mafundo, mbele kitambaa kimeanza kujikunja, na sehemu nyingine zinang'aa tofauti ingawa rangi ni ileile. Hesabu nayo inanipotea. Je, nifumue nianze upya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usifumue yote. Vyumba 210 kwa 140 ni mishono 29,400, picha ya sentimita 38 kwa 25 hivi, na sehemu ngumu ya meli umeshaimaliza. Kinachokusumbua ni njia ya uzi tu, na njia hiyo unaweza kuibadilisha leo bila kugusa meli.

Nianze na mng'ao, maana ndio unaoharibu maji kuliko kosa lingine lolote. Kila msalaba una mguu wa chini na mguu wa juu. Uzi wa pamba wa kudarizi hung'aa kufuatana na ulivyolala. Miguu ya juu ikielekea kulia kwenye mishono mia, halafu ikaelekea kushoto kwenye mishono kumi, hiyo kumi itaonekana kama doa. Mara nyingi chanzo ni kugeuza kitambaa ili kufikia kona. Tia alama ya uzi kwenye ukingo wa juu, na kila unapokaa kazini hakikisha alama iko juu. Kisha kishike kitambaa kwa mshazari karibu na dirisha asubuhi. Mishono iliyogeuka utaiona yote. Hiyo ndiyo ya kufumua, hiyo peke yake.

Angalia pia kama uzi wako umejisokota. Nyuzi mbili zikilala sambamba, msalaba hujaa na kufunika kitambaa. Zikisokotana, msalaba huwa mwembamba na weupe wa Aida huchungulia. Kila baada ya mishono michache iache sindano ining'inie, itazunguka yenyewe mpaka uzi utulie. Na usikate uzi mrefu. Sentimita 45 zinatosha, kwa sababu kila unapopita tunduni uzi unachakaa na kupoteza mng'ao.

Mafundo usipige tena kabisa. Picha hii itabanwa kwenye fremu yenye kioo, na kila fundo nene litasukuma kitambaa mbele likaonekana kama kipele. Kwa kuwa unatumia nyuzi mbili, kuna njia safi ya kuanza: chomoa unyuzi mmoja wenye urefu mara mbili ya unaotaka, ukunje katikati, pitisha ncha mbili kwenye sindano ili upande wa pili kibaki kitanzi. Piga mguu wa kwanza, na sindano ikirudi nyuma ipitishe ndani ya kitanzi, uvute taratibu. Uzi umeshashika, bila fundo na bila mkia. Kumaliza, pitisha sindano chini ya migongo ya mishono minne au mitano, kisha kata. Chunga tu usipitishe bluu nzito nyuma ya mishono myeupe ya meli, kivuli chake kitaonekana mbele.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe. Rangi zikitawanyika hivyo, mafundi wengi hufuata rangi: wanamaliza bluu moja eneo zima, halafu nyingine. Mimi kwa maji siifuati njia hiyo. Ukifuata rangi unaruka, ukiruka unapoteza hesabu, na uzi unaovutwa nyuma kutoka mbali ndio uliokunja kitambaa chako. Fuata eneo, na nyuzi uziegeshe.

Kwanza gawa kitambaa vitalu vya vyumba kumi kwa kumi, ukifuata mistari minene ya chati. Piga bandi, mishono mirefu ya muda, wima na mlalo. Wengi hutumia uzi wa cherehani wa rangi, lakini sindano huutoboa, unakwama chini ya misalaba, na mwekundu unaweza kuacha rangi kwenye kitambaa. Tumia mshipi wa kuvulia, ule mwembamba wa nailoni. Kigoma hapa hatuukosi, uko kila duka la zana za uvuvi. Sindano butu haiwezi kuutoboa, na ukimaliza unauvuta mara moja unatoka wote. Uchomoe kabla ya kupiga pasi, maana nailoni huyeyuka.

Tafuta sindano butu namba 24, moja kwa kila rangi, ili usishinde ukivua na kutunga uzi. Anza kitalu cha juu kushoto cha eneo la maji, na ufanye rangi zote zilizomo ndani ya kitalu hicho. Kila msalaba umalize papo hapo, miguu yote miwili. (Ile njia ya kupiga nusu msalaba kwenda na nusu kurudi ni nzuri kwa anga la rangi moja, hapa itakuchanganya.) Rangi ikiisha ndani ya kitalu, usikate. Angalia kwenye chati chumba cha karibu cha rangi hiyo katika kitalu kinachofuata, toa uzi mbele kwenye tundu ambalo msalaba huo utaanzia, vua sindano, uache uzi ukining'inia. Huko ndiko kuegesha. Ukimaliza kitalu cha kwanza, cha pili utakikuta na nyuzi zake, kila moja imesimama mlangoni pa chumba chake. Hapo kuhesabu kunapungua sana, na uzi wenyewe unakuhakikishia: ukiwa umeegeshwa pasipo na alama yake kwenye chati, kosa utaligundua baada ya mishono michache, badala ya baada ya wiki.

Kipimo cha kuruka ni vyumba vitano, yaani chini kidogo ya sentimita moja kwenye Aida ya 14. Zaidi ya hapo pitisha uzi chini ya migongo ya mishono iliyokwisha kupigwa, au ukate. Uruke ukiwa umelegeza mkono; uzi wa nyuma ulale, usivutike. Nyuzi zilizoegeshwa zinyanyue juu ya eneo unalofanyia kazi na uzibane ukingoni kwa utepe wa karatasi, la sivyo utazishonea ndani. Na fremu ya duara itoe kila unapoacha kazi. Ikibaki siku nzima huacha mkunjo na mstari wa uchafu, na vumbi letu jekundu halitoki kirahisi.

Kuna jambo jingine ambalo chati haitakuambia. Chati nyingi za namna hii hutengenezwa kwa programu ya kompyuta kutoka kwenye picha, na programu haina macho ya kujua kipi ni muhimu. Chumba kimoja cha bluu ya tano kilichozungukwa na bluu ya nne, ukikifanya bluu ya nne, hakuna atakayeona akisimama hatua mbili kutoka ukutani. Badilisha bila woga. Lakini pale mwanga unapopiga wimbi, na pale kivuli cha meli kinapoanguka majini, fuata kila chumba, kwa sababu hapo ndipo macho yanaposoma kwamba haya ni maji ya Tanganyika na si shuka la bluu. Kwenye meli usibadilishe chochote. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande, ikaunganishwa hapahapa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Anayeipenda ataangalia kila dirisha.

Kamba, nguzo nyembamba na vyuma vya sitaha ni vya mshono nyuma, ule wa mstari ambao sindano hurudi nyuma kila hatua, kwa unyuzi mmoja, na usianze mpaka misalaba yote iishe.

Yale mafundo ya zamani yaliyo bapa yaache. Yenye kipele tu ndiyo uyafungue: kata fundo, legeza mishono miwili mitatu, ufiche mkia. Ukikosea chumba kimoja katikati ya maji, endelea. Ukikosea kwenye mstari ambapo maji yanakutana na ubavu wa meli, fumua, kwa sababu mstari huo ukipinda meli nzima itaonekana imeinama.

Kabla ya kuosha, lowesha pamba nyeupe, ibonyeze juu ya bluu nzito na nyekundu upande wa nyuma. Ikitoka na rangi, osha kwa maji baridi tu, suuza mpaka maji yawe meupe, na usiache kitambaa kikiwa kimekunjwa na unyevu. Usikikamue. Kizungushe ndani ya taulo, kisha pasi upande wa nyuma juu ya taulo jingine. Na mikono, mwanangu: ukitoka jikoni kwenye mawese nawa kwa sabuni mara mbili kabla ya kushika kazi.

Mwisho, hesabu nyuzi zako mapema. Fungu la mita 8 lina nyuzi sita, kwa hiyo kwa nyuzi mbili unapata mita 24. Msalaba mmoja kwenye Aida ya 14 hula karibu milimita 9, mbele na nyuma. Kwa karatasi hiyo ni misalaba zaidi ya 2,600 kwa fungu. Kwa kazi ya rangi zilizotawanyika, yenye mikia mingi, panga 1,800. Hesabu vyumba vya kila bluu vilivyobaki na uagize yote pamoja, kwa sababu namba ileile ya rangi ikitiwa kwenye pipa jingine kiwandani inaweza kutofautiana kidogo, na kwenye maji tofauti hiyo itaonekana. Likikufikia fungu la nyongeza lenye tofauti, usianze nalo eneo jipya ghafla; changanya unyuzi mmoja wa zamani na mmoja mpya kwenye sindano moja kwa vitalu kadhaa, halafu ndipo uingie kwenye mpya.