Mama asiitazame wiki hii

Dadangu, umeuliza kama filamu ya Repo Men ya 2010 yafaa kutazamwa na mamako, aliyetoka juzi kuwekewa betri ya moyo. Mimi ningengoja. Humo kampuni yauza viungo bandia vya mwili kwa mkopo. Ukichelewa kulipa, mtu aja na kisu kukichukua kiungo hicho, hata kikiwa kifuani mwako. Jude Law ndiye mmoja wa hao wachukuaji, hadi yeye mwenyewe awekewa moyo wa deni. Mzaha upo, lakini damu ni ya machinjioni.

Kwetu Kibokoni mjomba alicheka, "Hawa si madalali wa bodaboda?" Kisu kilipoingia ubavuni, hamri likamwangukia kwenye mbaazi. Itazame wewe kwanza, usiku, sauti chini. Mama mwekee taarabu.