Maombi Yamefurika, Mtunza Stoo Hayumo

SWALI: Mimi ni afisa ajira. Tulitangaza nafasi ya "Mratibu Mahiri wa Rasilimali", yaani mtunza stoo. Tulitaka shahada, uzoefu wa miaka 5, na mtu "mchapakazi, mbunifu na anayejituma". Maombi yamefurika, lakini karibu wote hawaijui stoo. Bosi anataka tuongeze masharti, likiwemo "awe mwanamume". Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, usiongeze sharti hata moja. Andika upya, na uanze na jina la kazi. Mtunza stoo anayetafuta kazi huandika "mtunza stoo" kwenye simu yake. Huyo "mratibu mahiri" hatamwona, na hata akimwona atapita akidhani hahusiki.

Nani atakana kwamba yeye ni mchapakazi? Sifa ambayo kila msomaji anajiona anayo haichuji mtu. Nenda stoo, kaa na anayeishika sasa, umuulize amefanya nini tangu asubuhi, kisha uandike hayohayo: "Utapokea mzigo, utaulinganisha na oda kabla ya kusaini, utauingiza kwenye leja siku hiyohiyo. Kila mwisho wa mwezi utahesabu mali. Pengo likionekana, wewe ndiye utakayelitolea maelezo." Sentensi hiyo ya mwisho usikubali ikatwe. Aliyewahi kushika stoo atajua anaambiwa yeye, asiyewahi atasita.

Shahada nayo: akija mtu asiye nayo lakini ameshika stoo miaka 10 bila upotevu, utamrudisha? Kama hutamrudisha, ifute. Jambo hili linaniuma kwa sababu wanaoumia ni waungwana. Mtu mkweli akisoma "lazima" na hana, hatumi. Asiyejali masharti hutuma tu. Ndiyo maana ukiongeza masharti unawapunguza wale uliowataka, na furiko linabaki palepale.

Kuhusu "awe mwanamume", mweleze bosi kwa heshima lakini usilegee. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unahesabu hilo kuwa ubaguzi, isipokuwa kazi yenyewe ikilazimu. Kama hofu yake ni mizigo, taja mzigo: "Utanyanyua maboksi ya hadi kilo 25." Anayeweza atajijua.

Mshahara weka, kuanzia kiasi gani hadi kiasi gani. "Maelewano" humfikisha mtu kwenye usaili ndipo mgundue kwamba hamkutani. Weka pia tarehe ya mwisho, na useme wazi kwamba hakuna ada ya kuomba, maana matapeli wanapenda kunakili matangazo.

Barua ndefu ya maombi achana nayo. Omba wasifu na jibu fupi la swali moja: "Mzigo umepungua kuliko ilivyoandikwa kwenye hati, dereva ana haraka, anataka usaini. Utafanya nini?" Soma majibu hayo kwanza, kabla hujafungua wasifu wa mtu yeyote.