Jibu: Mume wangu karudi kutoka kambini, hapati usingizi
Pole dada. Umesema shemeji ana wiki mbili tangu arudi Tabata kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, alikokuwa kikazi, usiku anashtuka, mchana hataki wageni. Mimi nilikaa Kasulu, wilaya iliyo na kambi hiyo, mwaka mzima kwa kazi hizo hizo. Niliporudi, honi za bodaboda na foleni ya Ubungo zilinichosha kuliko kambi yenyewe. Usimhoji, ataongea akiwa tayari. Wazuie ndugu wasije kwa makundi, mtembee jioni, na apunguze bia (inaharibu usingizi, hata kama yeye anaona inamsaidia). Ukipita mwezi bado ndoto zinamrudia, mpeleke Muhimbili, idara ya afya ya akili. Akitaja kujidhuru, nendeni siku hiyo hiyo. Aulize pia kazini kama kuna mshauri nasaha. Kwetu alikuwepo, ila hakutajwa mpaka nilipouliza.