Shangazi Rubani: Pasipoti mbili, ndege moja, nitoe ipi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Kisumu, naishi Tacoma, jimbo la Washington. Nilipata uraia wa Marekani mwaka 2019, na pasipoti yangu ya Kenya bado iko hai. Nina leseni ya rubani binafsi ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Nataka kukodi ndege ndogo, Cessna 172, pale uwanja wa Boeing Field nimpeleke mke wangu na mtoto wetu wa miaka sita Victoria, Kanada, tulale huko wikendi. Mke wangu ni Mkenya mwenye grini kadi, mtoto ni Mmarekani. Halafu Desemba tutakuwa nyumbani, na rafiki yangu mwenye ndege uwanja wa Wilson, Nairobi, ametualika tuvuke naye hadi Zanzibar. Nionyeshe pasipoti ipi, na wapi? Wenzangu wa klabu ya marubani wanasema nijaze zote mbili kila mahali nisionekane naficha kitu.
— Rubani wa Wikendi, Tacoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao wa klabu wanakutakia mema, lakini wasikujazie fomu. Kila mpaka upeleke pasipoti moja, na karatasi zote za mpaka huo ziifuate hiyo hiyo. Kuwa na uraia wa nchi mbili si siri wala si kosa. Ukiulizwa na afisa, jibu kweli. Ila kuulizwa ni kitu kimoja, na kuchanganya namba za pasipoti mbili kwenye fomu ni kingine.

Tuanze na Victoria. Wewe ni raia wa Marekani, na sheria ya huko inataka raia wake atoke na aingie kwa pasipoti ya Marekani. Hakuna mjadala. Ile ya Kenya iache kabatini safari hii. Kanada ingekudai viza ukijitokeza nayo peke yake, na ile ya Marekani haihitaji viza.

Mkeo ndiye atakayetumia pasipoti ya Kenya ndani ya ndege hiyo hiyo. Tangu Aprili 2022, mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani haombi viza ya Kanada wala kile kibali cha mtandaoni, mradi awe na pasipoti hai ya nchi yake pamoja na grini kadi. Kwa hiyo pasipoti yake ikiwa imeisha, hiyo grini kadi haitamfikisha. Itazame leo, kabla hujalipia ndege. Mtoto naye awe na pasipoti yake. Najua ukivuka mpaka kwa gari pale Blaine cheti cha kuzaliwa kinatosha kwa mtoto wa umri huo, lakini ndege ni ndege, hata iwe na viti vinne.

Sasa eAPIS, mfumo wa forodha ya Marekani wa kupeleka majina. Ukisafiri na shirika la ndege, shirika ndilo linalopeleka orodha ya abiria. Ukikodi Cessna, shirika la ndege ni wewe. Jina la mkeo likikosewa herufi, wa kuulizwa ni wewe. Orodha ni mbili, ya kutoka na ya kurudi, na kila moja iwe imefika angalau dakika 60 kabla ya kuruka. Zijaze zote mbili ukiwa nyumbani, mtoto amelala, pasipoti zimefunguliwa mezani, si kwenye simu huko Victoria ukitafuta intaneti ya hoteli. Na subiri ile barua pepe ya uthibitisho. Bila hiyo usiwashe injini.

Hapo kwenye majina ndipo Wakenya wengi tunapokwama. Pasipoti ya Kenya inabeba majina matatu. Siku ya kiapo cha uraia wa Marekani, wengine huacha la katikati, wengine huchukua la mume. Leseni ya FAA nayo ilitolewa lini, kwa jina gani? Jaza eAPIS kama ilivyoandikwa kwenye pasipoti ya Marekani, herufi kwa herufi. Kisha itoe hiyo leseni uisome vizuri: ina mstari wa uraia. Kama uliipata kabla ya 2019, huenda bado inakuita Mkenya. Nenda ofisi ya FAA ya eneo lako mwenyewe, na cheti chako cha uraia mkononi, wakubadilishie. Utaweza kuruka bila kufanya hivyo, lakini kwa nini umpe afisa swali la bure?

Kupeleka orodha peke yake hakukupi ruhusa ya kutua. Ukirudi, piga simu kwa forodha wa uwanja utakaotua, uwaambie saa ya kufika, na uandike jina la aliyekujibu. Fika saa hiyo, si mapema. Ukitua, kaeni ndani hadi afisa aje. Faini ya kosa la kwanza la kutoripoti ni dola 5,000. Kwa Kanada, piga 1-888-226-7277 kati ya saa 48 na saa 2 kabla ya kufika, halafu piga tena ukishatua. Rubani peke yake ndiye anayeruhusiwa kushuka kupiga simu hiyo. Mtoto akilia haja, avumilie kidogo. Kwenye simu hiyo watakupa namba ya ripoti. Iandike.

Mfuko wa hati za ndege ya kukodi usiuamini kwa macho. Ndani ya Marekani ndege haihitaji leseni ya redio, kwa hiyo mara nyingi haimo. Ukivuka unaihitaji, na wewe mwenyewe unahitaji kibali cha redio cha FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Muulize mwenye ndege kuhusu kibandiko cha mwaka cha forodha, barua ya kukuruhusu kuivusha mpaka, na kama bima yake inafika Kanada. Peleka mpango wa safari, na usivuke mpaka bila namba ya transponda, kile kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, kutoka kwa waongoza ndege.

Desemba mambo yanapinduka. Kwa Tanzania, Mkenya ni mwana-Afrika Mashariki, haombi viza. Mmarekani analipa dola 100. Kwa hiyo ya Kenya ndiyo itakayotoka. Lakini lazima uanze nayo Nairobi. Ukiingia Kenya kama Mmarekani halafu ukatokea Wilson na pasipoti ya Kenya isiyo na muhuri wa kuingia, afisa wa uhamiaji atakuuliza ulishukia wapi, na atakuwa na haki. Ya Marekani iwe mfukoni, utaihitaji kwa safari ya kurudi. Mtoto kama hana pasipoti ya Kenya, yeye atalipiwa viza ya Tanzania. Kadi ya homa ya manjano bebeni wote.

Na usikae kiti cha rubani ukajiita nahodha. Leseni ya FAA haikuruhusu kurusha ndege ya usajili wa 5Y, yaani wa Kenya, mpaka KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, waiidhinishe. Mwache rafiki yako awe rubani, na kwenye fomu ya orodha ya ndege uandikwe abiria. Kibali cha TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania, ni kazi yake.

Jambo moja hukuniuliza. Katiba ya 2010 ilikuachia uraia wako wa kuzaliwa, lakini sheria ya uraia ya 2011 inataka uutangaze huo wa pili ndani ya miezi mitatu. Umesema 2019. Kama hukutangaza, anza na ubalozi wa Kenya Washington DC kabla hujakata tikiti ya Desemba.